Kifuniko Kimoja cha Sabuni

Sabuni ya sakafu ilikuwa ya kijani, na ilipoingia kwenye kikombe haikuzama mara moja. Ilikaa juu ya maziwa ya protini, ikajikunja, kisha ikashuka taratibu ikiacha povu pembeni. Leokadia alipiga picha kwa simu ya kaunta, akabonyeza palipoandikwa "Kimeharibiwa", ndipo akamwaga vyote kwenye sinki. Saa tatu asubuhi ilikuwa haijafika, na hicho kilikuwa cha nne. Maziwa, ndizi, siagi ya karanga, shayiri, asali. Miezi kumi na moja na wiki tatu alikuwa kwenye kaunta hiyo, na tangu sabuni iletwe, kila kikombe kilimtia kinyaa kama mara ya kwanza.

Jimu ilikuwa chini ya jengo la maofisi katikati ya Toronto. Wateja waliagiza vinywaji kwa simu zao wakiwa bado wanahema kwenye mashine, na kila kikombe kilibandikwa stika yenye saa kilipotengenezwa. Kikikaa dakika thelathini bila mwenyewe kuja, hakiuzwi tena wala hakitolewi bure. Zamani kilimwagwa tu. Halafu Elinaza, Mtanzania mwenzake, akaonekana kwenye kamera ameinama nyuma ya friji anakunywa kilichokuwa kinakwenda kutupwa. Ofisi ikaita wizi. Elinaza akaondoka bila barua ya mwajiri aliyokuwa akiingoja, na wiki iliyofuata likaletwa dumu la sabuni pamoja na maelekezo: kifuniko kimoja kwa kila kikombe, ili mfanyakazi asishawishike.

Sababu ya hizo dakika thelathini ilikuwa ukutani, kwenye bango kubwa juu ya kaunta, na bango hilo aliliandika Leokadia mwenyewe. Kwao Muleba alikuwa afisa lishe kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa akiwanywesha maziwa ya tiba watoto waliokonda hadi mbavu kuhesabika, kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na ole wake muuguzi atakayepitisha saa. Canada vyeti vyake vilipokelewa, vikatazamwa, vikarudishwa. Lakini meneja Evans alivikumbuka siku alipotaka kitu cha bure.

"Dada, wewe si mambo ya lishe ndiyo fani yako? Tuandikie kidogo, watu wale nini kabla na baada ya mazoezi."

Aliandika kwa siku mbili, kwa furaha, mjinga wa watu. Vyakula vya wanga, saa mbili au tatu kabla ya mazoezi. Protini baada yake, gramu ishirini mpaka thelathini zinatosha. Hakuna haja ya kukimbizana, mwili huendelea kupokea kwa saa kadhaa, na kinachohesabika zaidi ni mlo wa siku nzima. Mwishoni akaongeza mstari mmoja: mwenye kisukari anayetumia insulini asipitishe saa yake ya kula hata kidogo.

Bango lilipoletwa lilikuwa na picha ya kocha mwenye kifua kama kabati, na jina la huyo kocha. Zile saa kadhaa zilikuwa zimegeuka dakika thelathini, zimechorewa saa nyekundu. Mstari wa kisukari haukuwepo.

"Unatisha wateja," Evans alimwambia. "Na wakijua hakuna haraka, nani atanunua hapa? Si watakunywa nyumbani?"

Ule mstari wa mwisho Leokadia hakuutoa kitabuni. Alikuwa na kisukari mwaka wa tisa sasa.

Alivumilia kwa sababu ya barua. Kibali chake cha kazi kilikuwa kinaelekea ukingoni, na ili aombe ukaazi alihitaji mwaka mzima wa kazi ya usimamizi, umeandikwa na kutiwa sahihi na mwajiri. Evans alimwahidi kumwandika msimamizi wa kaunta, japo alichosimamia ni blenda tatu na ndoo ya kudekia. Binti yake, Kokushubila, alikuwa anatimiza miaka ishirini na mbili mwezi wa sita. Akishafika hapo, serikali haimhesabu tena kuwa mtoto wa mtu, na jina lake halitaingia kwenye fomu ya mama yake. Zilikuwa zimebaki siku nane kupata barua.

Siku hiyo alikuwa peke yake kaunta. Fabrice, Mkongo aliyekuwa akimpokea saa tano ili akale, alikuwa amepunguziwa zamu na ofisi tangu Jumatatu. Leokadia alikuwa amejidunga insulini saa kumi na moja alfajiri nyumbani Scarborough, akala mkate na yai, akapanda basi kisha treni. Insulini yake ilikuwa ile ya kuchanganya, inayokuja kushusha sukari sana mchana, na ilidai chakula kiwe kimefika kabla yake. Chakula alikuwa nacho: ndizi za kupika na maharage, ndani ya bakuli, ndani ya kabati la wafanyakazi ghorofa ya chini. Aproni zilishonwa bila mifuko. Pipi mbili alizoficha kwenye soksi alikwisha kuzitafuna, mgongo ameupa kamera.

Ilipogonga saa sita alimwona Evans akipita na tableti yake.

"Evans, mdogo wangu, nishuke nile. Dakika kumi tu."

Evans alikuwa kijana wa Moshi, miaka thelathini na nne. Walisali pamoja kwenye ibada ya Kiswahili, ndiye aliyemtafutia kazi hii, na hakuacha kumkumbusha.

"Dada, tazama foleni hiyo. Nikikutoa nani anasimama? Rush ikiisha, saa saba na nusu, unashuka unakula kwa nafasi."

"Nimeshadunga sindano tangu alfajiri."

Evans alitazama mlango wa ofisi. "Punguza sauti. Si tulikubaliana hiyo sindano hatuiongelei hapa? HR wakijua watasema kazi huiwezi. Halafu mimi barua naiandikaje? Supervisor gani huyo wa kuanguka anguka?"

"Nimeingia saa moja. Sheria inasema saa tano zikitimia mtu apumzike."

"Na system inaonyesha umepumzika." Alimgeuzia tableti. Kweli, ilikuwa imeandikwa: Leokadia, mapumziko, saa tano kamili hadi saa tano na nusu. Mashine ilijiandikia yenyewe kila siku, uwe umekaa au umesimama. "Siku nane, dada yangu. Jikaze kisabuni. Na mimi nina watu juu yangu, usiniharibie."

Akaenda zake. Leokadia akarudi kwenye blenda.

Alimenya ndizi, akatupa maganda, akapima unga. Unga ule ulinuka vanila na kitu kama maziwa ya unga yaliyovunda, na mchana huo harufu ilimpanda kichwani. Mbele yake walijipanga watu wenye mashavu mekundu na taulo shingoni, wote wameshiba, wote wana haraka ya kula. Aliwachukia. Hakuwa mtu wa kuchukia watu, lakini aliwachukia mpaka vidole vyao.

Msichana mmoja, Hira, mfanyakazi wa benki aliyekuja kila siku na aliyekuwa na adabu ya kusalimia, alielekeza kidole kwenye bango.

"Hivi, hizo dakika thelathini ni za kweli? Jana nilichelewa, dakika arobaini. Nimepoteza mazoezi yote?"

Leokadia alitaka kumwambia, hapana, mama, hukupoteza kitu, kale nyumbani kwako. Ulimi ulikuwa mzito. Midomo ilianza kufa ganzi.

"Wahi tu," alisema.

Saa sita na dakika arobaini na moja alitengeneza kinywaji cha mtu anayeitwa Aleem. Ndizi mbili, asali, shayiri, unga vijiko viwili. Akabandika stika, akakiweka rafuni, na kuanzia hapo hakukiondolea macho. Jasho la baridi lilimshuka mgongoni. Mikono ilitetemeka hata akamwaga maziwa, akayafuta, akamwaga tena. Nusu ndizi ilikuwa pale kwenye ubao, imekatwa. Kamera ilikuwa pale juu, taa yake inawaka. Elinaza naye alikuwa amebakiza miezi miwili tu kupata barua yake. Siku nane, alijiambia Leokadia. Akajiambia tena, na mara ya tatu akasahau ni nane za nini.

Alichokumbuka ni Aleem. Asije, Mungu wangu, asije. Mwenyewe alikuwa sauna.

Saa saba na dakika kumi na moja dakika thelathini za kikombe ziliisha, tableti ya kaunta ikalia. Evans alikuja mbio, kwa kuwa kengele hiyo ilisikika mpaka ofisini, akamkuta Leokadia ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Evans. Nipe hicho."

"Kipi?"

"Hicho. Cha kutupa. Usiweke."

Evans alimtazama usoni, na alielewa, kwa maana rangi ilimtoka. Kisha akatazama kamera. Akafungua dumu.

"Dada, wananiona. Naenda kukuletea chakula chako sasa hivi, nikimaliza tu hapa. Picha ina dakika mbili, zikipita bila picha taarifa inaenda kwa wakubwa." Alipima sawasawa. Kifuniko kimoja.

Sabuni ilikaa juu, ikajikunja, ikaanza kushuka. Evans aliingiza mkono mfukoni kutafuta simu.

Leokadia alikichukua kikombe. Alijua kilichomo. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa bado imo kichwani mwake, mahali fulani, na ilimwambia kwamba sabuni ingechukua muda kumdhuru, ila sukari yake iliyokuwa ikishuka isingemsubiri. Alikunywa. Asali ilikuja kwanza, kisha limau la kusugulia sakafu, kisha povu likampanda puani. Tumbo lilikataa, akaziba mdomo kwa mkono na kumeza tena kile kilichorudi. Alikunywa akitoa sauti, mama mtu mzima wa miaka arobaini na saba, povu la kijani linamshuka kidevuni na kuingia kwenye kola ya sare.

Mtu mmoja kwenye foleni alirudi hatua nyuma.

"Samahani, nimechelewa?" Aleem alikuwa amefika, nywele zimelowa. Alimwona Leokadia, akayahamisha macho kwenye bango.

"Hapana kabisa," Evans alimjibu kwa Kiingereza chake cha tabasamu. "Tunakutengenezea kingine."

Kisha akainama karibu na Leokadia, sauti chini, kwa Kiswahili. "Weka chini. Dada, nakuomba, kiweke chini."

Leokadia alikiweka kwenye kaunta, lakini hakukiachia. Alikuwa anapitisha kidole kwenye ukuta wa ndani wa kikombe na kukilamba. Tableti ilikuwa inauliza: Kimeharibiwa? Evans alibonyeza ndiyo. Ikauliza picha. Zilikuwa zimebaki sekunde arobaini. Aliinua simu juu ya kikombe, akasogea kushoto, akasogea kulia.

"Toa mkono, dada," alisema. "Unaonekana."