Usikate Mstari Usioujua

Kwenye ofisi ile ya wachora ramani, hakuna aliyesumbuka kuandika amri ndefu kwenye kompyuta. Kila mtu alikuwa na majina ya mkato. Jioni unaandika "weka", unabonyeza, na kazi yako inahamia kwenye folda yako kwa jina la "kazi ya leo". Basi, unakwenda zako. Majina hayo hayakuota kama uyoga. Yalizalishwa na programu kuukuu ya Perl, lugha ya zamani ya kompyuta, na aliyeiandika ni mwanamke waliyemwita Fundi Mkubwa. Alipostaafu, kiti chake na mto wake vikakaliwa na binti wa kaka yake. Huyo wakamwita Fundi Mdogo.

Mashine zilikuwa zinabadilishwa, na Perl hakuna aliyeielewa tena, kwa hiyo mkuu wa ofisi akamwagiza binti aiandike upya kwa Python, lugha ya siku hizi. Binti akaifungua, akaangua kicheko.

"Jamani, njooni muone! Hii programu au kuku kapekua jivu?" Akaisoma kwa sauti ya mnadani: "Dola, mabano, dola, nyota, dola tena! Shangazi alikuwa anaandika amri au anafungua duka?"

Watu wakashika mbavu. Hata Mzee Rula, mchora ramani mkongwe asiyecheka ovyo, akatabasamu chini ya miwani. Walipogeuka, Fundi Mkubwa alikuwa mlangoni. Alikuwa amefuata kikombe chake alichokisahau.

Mama wa watu akachukua kikombe, akakifuta kwa kidole, akasema, "Cheka, mwanangu. Ila usikate mstari usioujua kazi yake."

"Ni utani tu, shangazi."

"Najua."

Akaondoka. Binti alitaka kumkimbilia, akaona haya. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wanasema, na yeye alikuwa ameshatukana. Akaiinamia kazi kwa hasira za aliyeumbuka, haraka haraka, apate kuonyesha kwamba alikuwa na haki ya kucheka. Pale shangazi alipoweka alama ya dola na neno la nyumbani, maana yake folda ya nyumbani ya yeyote atakayeandika amri, yeye aliona takataka. Programu yake mpya ikajaza anwani kamili ya folda kama ilivyosomeka kwenye mashine yake, safi, bila dola hata moja. Akajaribu kwenye mashine yake: weka, ikawekwa. Akawagawia wenzake wote.

Hakukumbuka kwamba nyumbani pale alipojaribia palikuwa kwake.

Kesho yake asubuhi mkuu akaitaka ramani ya mabomba ya maji. Wateja walikuwa njiani. Mzee Rula akafungua folda yake, akaifunga, akaifungua tena.

"Niliandika weka, mkuu. Mashine ikanijibu imewekwa."

"Mzee wangu, juzi ulisahau miwani, leo umesahau ramani? Uzee haubishi hodi. Nadhani tuanze kuzungumzia mapumziko yako."

"Mimi sijasahau," alisema mzee, lakini taratibu, kama mtu aliyeanza kujitilia shaka mwenyewe.

Fundi Mdogo akachungulia folda yake mwenyewe, iliyokuwa wazi kwa wote. Humo mlikuwa na "kazi ya leo" moja tu, nayo ni ya katibu, aliyeondoka wa mwisho. Ofisi nzima ilikuwa imeweka kwake, kila mmoja akimfuta aliyemtangulia. Ramani ndiyo hiyo, imekwenda na maji.

Masikio yakamchoma. Angeweza kurekebisha kimya kimya. Nani angejua? Mzee angekwenda kupumzika na lawama zake, na yeye angebaki amekalia mto wa shangazi. Akauhisi ule mto chini yake, akainuka.

"Mkuu, si yeye. Ni mimi." Akaeleza yote, macho sakafuni.

"Fundi Mkubwa alikuonya mbele yetu," alisema mkuu.

"Ndiyo."

"Basi wateja utawapokea wewe, na utawaambia wewe. Mzee, nisamehe."

Mzee Rula alikuwa ameshatandaza karatasi mpya. "Vipimo ninavyo, nitachora tena. Mwanangu, hata mimi nilicheka siku ile." Afadhali angemtukana. "Mpigie shangazi yako. Hapa hapa."

Akapiga, simu ikiwa ya kusikika na wote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekata mstari upi?"

Binti akaifungua tena ile programu kuukuu, akaanza kusoma. "Dola... halafu nyumbani..." Safari hii hakuna aliyeshika mbavu.

"Pandisha sauti, mwanangu," alisema shangazi. "Siku ile nilikusikia tangu nje."

Akapandisha.