Mshindi wa Nusu Njia

Mtaa mzima wa Bondeni haujawahi kuona mtu aliyeendesha baiskeli umbali mrefu kama Kipyegon bila kutoka sebuleni kwake. Aliiinua blakimamba yake, baiskeli nzito ya chuma, juu ya matofali, gurudumu la nyuma likaning'inia hewani, akaikalia kando ya kiti cha mkewe Jepleting, akawa anakanyaga pedali huku akimlisha uji kwa kijiko. Upepo wa gurudumu ulikausha nguo, ukafukuza nzi, na siku moja ukampeperusha kuku hadi nje ya dirisha. Asiyeamini amuulize jirani Wariara. Kuku alikuwa wake.

Jepleting alipigwa na kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kila moja limechaguliwa kama nyanya sokoni. Kipyegon, dereva mstaafu wa lori la maziwa, alijifunza kumwinua, kumwogesha, kumgeuza kitandani na hata kumsuka, ingawa mistari ya nywele ilipinda kama njia za milima ya Mau wakati wa mvua. Jambo moja tu lilimfunga nyumbani: Jepleting hakukubali kulishwa na mtu mwingine. Binti yao Cheptanui alijaribu, akafungiwa mdomo. Nesi naye akafungiwa mdomo. Na dawa ya saa saba mchana haimezwi tumbo likiwa tupu.

Kwa hivyo Shabir, muuza vipuri, alipokuja kutangaza safari ya baiskeli kutoka mjini Nakuru hadi Njoro na kurudi, ya kuchangia viti vya magurudumu vya wagonjwa wa kiharusi, Kipyegon alimpa chai na kumwambia pole.

"Mimi niko kazini, bwana Shabir. Kazi yenyewe haina likizo."

Jepleting akainua kidole cha mkono wa kushoto, akamwelekezea mumewe.

"Andika... huyu."

"Mama Cheptanui! Na chakula chako cha mchana?"

"Tumbo," akasema mkewe, akilitazama la mumewe. "Limezidi."

Shabir alicheka mpaka chai ikamwagikia kiatu. Mambo yakaisha hapo. Wariara angekaa na Jepleting asubuhi, na Kipyegon angerudi kabla ya saa saba, kijiko mkononi.

Siku ilipofika, vijana walijaa barabarani na nguo za kubana na baiskeli nyembamba kama miguu ya korongo.

"Niaje mzee! Hiyo ni baiskeli ama geti ya jela?"

"Hii hubeba gunia mbili za viazi, kijana. Leo ina bahati, imebeba gunia moja tu."

Barabara ya Njoro hupanda kwa ujanja, kama mgeni anayeomba kiti kabla ya kuomba mahali pa kulala. Karibu na mashamba ya ngano upepo ulimkabili kwa nguvu hivi kwamba kuna mti mmoja aliupita, akarudishwa nyuma, akausalimia tena. Hata hivyo alifika Njoro mapema, penye pipa jekundu ambapo waendeshaji walitakiwa kugeuza.

Hapo kando ya pipa walikuwa wamesimama watu wa ukoo wake wote.

Dada yake Jepkemei, aliyebaki hapo Njoro walikozaliwa, alikuwa amesikia kwamba Kipyegon anashindana kuja Njoro. Kwao, mkimbiaji akifika nyumbani amemaliza. Hakuna aliyewahi kusikia mbio zinazofika nyumbani halafu zikaondoka. Kabla hajashusha mguu alishavishwa sinendet, yale majani ya kutambaa wanayovishwa washindi, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kikawa mdomoni. Akinamama wakaimba. Waendeshaji wengine wakalizunguka pipa, wakaenda zao.

"Dada, sijamaliza! Hii ni nusu!"

"Wacha unyenyekevu. Kunywa."

Maziwa ya mshindi hayakataliwi. Akanywa. Kikaja kibuyu cha pili. Kisha mzee Kimaiyo wa kanisani akavua kofia, na Kipyegon akajua ameisha. Mzee aliombea magurudumu, akaombea spoku, akaingia kwa ng'ombe wa kijiji akiwataja kwa majina. Saa sita ilikuwa imepita. Kipyegon akachomoa simu chini ya majani, akampigia Wariara.

"Nipe mama Cheptanui." Kisha, kwa kunong'ona: "Mama, nimekwama. Acha nitafute pikapu, nipakie baiskeli, nije nikulishe."

"Hapana."

"Na dawa?"

"Maliza. Nani... anaongea?"

"Kimaiyo. Anaomba. Ndio amefika kwa ndama."

"Weka... sauti."

Kipyegon akaongeza sauti, akainua simu juu ya vichwa vyote.

"AMINA!" ikanguruma simu.

"Amina!" wakaitikia wote kwa mazoea, Kimaiyo akiwa wa kwanza. Macho yalipofunguka, mshindi alikuwa tayari juu ya baiskeli.

Kuteremka huko kungali kunasimuliwa. Kivuli chake kilichoka, kikaomba lifti kwa trekta. Mjini aliupita utepe wa mwisho bila kusimama, maana saa saba ilikuwa imeshapita, na Shabir akalazimika kumfuata kwa gari hadi Bondeni, medali ikining'inia dirishani.

Kipyegon aliingia mbio akitafuta kijiko. Wariara alikuwa anakiosha.

"Amekula?"

"Sahani mbili, baba Cheptanui. Dawa pia amemeza."

Kipyegon akajiachia kitini. Alifurahi, na bado kuna kitu kilimchoma, kama mtu aliyeachishwa kazi na kupongezwa kwa pumzi moja.

"Umemkatalia mtoto wako," akamwambia mkewe. "Umemkatalia nesi. Leo?"

Jepleting alimtazama, jasho, majani na yote.

"Nikikataa... unarudi," akasema. "Leo... sikutaka urudi." Akapumzika, halafu nusu ya mdomo wake ikacheka. "Na yeye... anaweka... kitunguu."

Wariara akacheka hadi akashika ukuta. Shabir, mlangoni na medali, akauliza kama kuna mtu angependa kwenda Naivasha mwezi ujao.

"Andika," akasema Jepleting.

Kipyegon hakubisha. Alivuta sufuria ya Wariara, akaonja mchuzi, akatikisa kichwa, akaonja tena.

"Wariara," akasema, "hiki kitunguu unakikaanga vipi?"