Masenge Ameondolewa

Simu ya Apoline ilikuwa ya kumi na nne kwenye ubao wa kuchajia, imefungwa kipande cha kitenge cha njano isichanganywe na za wengine. Jumatatu ile jua lilikuwa limetoka vizuri, na bado betri ilikuwa imefika robo tu, kwa sababu sola moja ya kibanda ililisha simu arobaini. Aliichomoa hivyo hivyo. Wasichana watatu walikuwa wamekaa kando ya ndoo zao za maji wakimsubiri, na msichana wa kambi ya Nyarugusu hakai kando ya ndoo saa tatu asubuhi bila sababu.

“Maman Apoline, Masenge iko wapi?” mmoja aliuliza. “Tangu jana anakataa kufunguka.”

Apoline alibonyeza. Palipokuwa na picha ya mwanamke mwenye kilemba cha buluu palikuwa peupe, na katikati maandishi: *Mhusika huyu ameondolewa kwa kukiuka miongozo ya jumuiya yetu. Tunajali usalama wako.*

“Usalama wa nani?” alisema kwa sauti, na mwenye kibanda akageuka kumtazama.

Kwao Uvira, upande wa Kongo, na kwa Warundi aliopakana nao kambini, masenge ni shangazi, dada yake baba. Mama hamwambii binti yake mambo ya mwili, ni aibu. Baba ndiyo usiseme. Masenge ndiye anayemwita msichana nyuma ya nyumba, akamketisha mkekani, akamweleza damu ni nini, mwanaume ni nini, na mkono gani ukimgusa apige yowe. Sasa vita ikija inaua na mashangazi. Kambi ilijaa wasichana wasio na masenge, na mashirika, Mungu awabariki, yakawaletea mabango.

Apoline alikuwa mkunga msaidizi huko nyuma, na hapa alikuwa mhamasishaji wa shirika moja, mtu wa fulana na kofia. Kuna programu ya simu ambamo yeyote anaweza kutengeneza mhusika wa kuongea naye, akamfundisha tabia na maneno, kisha akamgawia amtakaye. Vijana wanatengeneza wachumba. Apoline alitengeneza shangazi. Miezi minane aliilisha maneno ya masenge wake mwenyewe, marehemu, mpaka roboti ikaanza kugombeza kama yeye: *Weye mtoto, umekula? Kaa kwanza, halafu useme.* Wasichana wakaambiana. Kila mmoja aliongea naye kwenye simu yake, na Apoline hakuweza kuona walichoandika. Ndiyo maana waliandika.

Wawili walijitwika ndoo wakaondoka. Wa tatu, Providence, alibaki. Alikuwa na miaka kumi na sita, Mrundi, mama yake amezikwa hapo hapo kambini. Alikuwa akiishi na mjomba wake Venanti, mzee wa kanisa, na simu yenye kioo cha nyufa aliyoachiwa na mama.

“Nilimwandikia yote,” alisema. “Jumamosi. Jina nalo.”

“Jina la nani, mwanangu?”

Providence aliangalia maji ya ndoo. “Masenge aliniambia kama mdomo unakataa, nisiulazimishe. Alhamisi pale mezani, mama wa shirika akiniuliza kama ninarudi kwa hiari, nimpe simu asome. Nisiseme kitu. Nionyeshe tu.”

Alhamisi ulikuwa msafara wa mabasi ya kurudi Burundi. Venanti alikuwa amejiandikisha, yeye na mtoto wa dada yake. Kila anayeondoka hupita mbele ya meza, akaulizwa swali moja, akapanda. Na sasa maandishi ya kuonyesha mezani yalikuwa yameondoka pamoja na Masenge.

“Niambie miye,” Apoline alisema. “Nitasema mimi.”

“Weye uko mtu,” Providence alijibu. “Munasali naye benchi moja.”

Akaziba mdomo kwa kiganja. Kanisani Apoline alikaa benchi moja na Venanti.

“Basi andika tena. Nikupe karatasi.”

“Siwezi mara ya pili, Maman. Ile moja ilinimaliza.” Alijitwika ndoo, akaenda, na maji yakimmwagikia begani bila yeye kuyafuta.

Apoline alikwenda moja kwa moja ofisini kwa msimamizi wake, Bwana Stanislaus, kijana wa Kasulu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata mikononi. Alimkaribisha kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha.

“Unamshuku nani?”

“Venanti. Mjomba wake.”

“Umeshuhudia?”

“Sikushuhudia.”

“Mtoto amekutamkia?”

“Ameandika.”

“Wapi?”

Apoline alimwonyesha kioo cheupe. Stanislaus aliyasoma maandishi yale mara mbili.

“Mama Apoline, hapa wanasema umekiuka miongozo.”

“Mimi?”

“Wewe. Na nani alikuruhusu kuwashauri watoto kwa mashine? Tuna utaratibu. Tuna namba ya bure ya kutoa taarifa.”

“Ile namba anapokea Mwalimu Fidele. Anaimba kwaya moja na Venanti.”

“Amepewa mafunzo,” alisema Stanislaus.

“Mtoeni basi kwenye orodha ya Alhamisi. Huyo mmoja tu.”

Stanislaus alivua miwani. “Nikimtoa mtoto kwa tuhuma isiyo na maandishi, msafara mzima unasimama kukaguliwa. Unajua tunasukumwa kiasi gani kuwarudisha watu? Niletee hayo maandishi, hata kesho, nitamtoa mwenyewe kwa mkono wangu.”

Kisha alichapa karatasi ya mistari minne kusema shirika halikuijua mashine hiyo wala halihusiki nayo. Apoline akatia saini. Akaombwa arudishe fulana na kofia kwa muda, uchunguzi ukiendelea. Halafu yule yule Stanislaus akampigia simu mtu anayemjua, akamwombea kibali cha kutoka kambini siku moja, aende Kasulu kwenye mtandao wenye nguvu akate rufaa. Angekuwa mtu mbaya, ungemchukia ukapumzika.

Jumanne saa nne Apoline alikuwa Kasulu, kwenye steshenari ya Bazilio, Muha mnene wa maneno mengi, aliyewahi kumtolea kopi za vyeti vya wasichana. Bazilio alimvutia kiti mbele ya kompyuta, akaifungua fomu.

“Wanataka kitambulisho. Pasipoti, leseni, au cha taifa.”

Apoline alikunjua nailoni, akatoa karatasi yake ya ukimbizi. Bazilio aliipiga picha. *Hati hii haitambuliki.* Akaifuta kwa shati, akaipiga tena pale mlangoni penye mwanga. *Hati hii haitambuliki.*

“Hata sura yangu iko pale,” Apoline alisema.

“Sura wanaiona. Karatasi ndiyo hawaijui.” Alijikuna shingo. “Haya bwana, tuweke changu. Tuseme mimi ni mwakilishi wako.”

Walipokuwa wakisubiri picha ipande, Bazilio alimwonyesha wahusika wengine waliobaki. Wa kwanza kabisa aliitwa Mchumba Mwenye Wivu, na chini ya picha yake: *Amekufungia ndani. Anasema hutoki mpaka umpende. Utamfanya nini?* Watu milioni mbili walikuwa wameongea naye.

“Huyu hakuondolewa?” Apoline aliuliza.

“Huyu? Huyu analeta wateja, Mama. Wamwondoe wana wazimu?”

Kisanduku cha maelezo kikafunguka. *Eleza kwa nini uamuzi wetu ubadilishwe.* Na hapo Apoline akakaa sawa, maana kazi hii aliijua. Miaka kumi na moja ya kambi ilikuwa imemfundisha. Mwaka wa kwanza aliitwa kwenye mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu, akaona haya mbele ya mkalimani mwanaume, akasema tu kwamba walitendewa vibaya. Akaandikiwa kwamba madai yake hayana uzito. Mwanamke aliyeingia baada yake alitaja kila kitu, nani, lini, wangapi, watoto wake wakiwa na umri gani, na huyo leo yuko Kanada, anatuma picha za theluji. Tangu siku ile Apoline aliwaambia wanawake wote wanaokwenda kuhojiwa: aibu iacheni nyumbani, toeni kidonda kizima.

Akaandika. Aliandika kwamba waliomtumia Masenge ni wasichana tu, na akataja miaka yao, kumi na mitatu, kumi na minne, kumi na sita. Aliandika waliyofanyiwa, wengine njiani, wengine wakitafuta kuni, na mmoja nyumbani mwa mtu anayemlisha. Hakupunguza neno.

Bazilio alisoma juu ya bega lake.

“Mama, hapa siyo ofisi ya wakimbizi,” alisema. “Futa hayo. Sema ni elimu ya afya, basi.”

“Ukisema kifupi hawaamini.”

“Sidhani kama ni watu wanaosoma.”

“Mwishoni lazima yuko mtu,” Apoline alisema. “Kila ofisi mwishoni ina mtu.”

Akatuma. Bazilio alikwenda kumhudumia mteja wa kopi mbili za cheti cha kuzaliwa. Ya pili haijatoka kwenye mashine, jibu likaingia.

*Tumebaini maudhui ya ngono yanayohusisha watoto. Akaunti yako imefungwa kabisa. Mazungumzo yote ya watumiaji na mhusika huyu yamefutwa. Uamuzi huu ni wa mwisho.* Chini yake palikuwa na nyota tano tupu. *Tumekuhudumia vipi leo?*

Apoline alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Mazungumzo yote. Jumamosi ya Providence ilikuwa kule ndani.

“Yesu wangu,” alisema. “Wameniweka kundi moja nao. Miye na Venanti, kundi moja!”

Alilia pale pale, mbele ya mteja wa vyeti, kwa hasira na kwa fedheha. Bazilio alimpa kiti cha nyuma na chupa ya maji. Kisha akajaribu kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe, ile ya duka, akakuta nayo imefungwa, kwa kuwa kitambulisho kilikuwa chake. Hakumwambia.

Jumatano Apoline alimtafuta Providence bombani, kanisani, kwenye foleni ya kuni. Venanti alimpokea mlangoni kwa adabu zote, akasema mtoto anafunga mizigo, akamtakia baraka.

Alhamisi mabasi sita yalisimama kwenye kiwanja, injini zikinguruma. Kamba ilikuwa imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo, na Apoline, bila fulana, alikuwa upande wa wanaoaga. Meza ilikuwa hatua kumi mbele yake. Nyuma ya meza alikaa Bi Esteri, aliyeletwa kutoka Kibondo kwa ajili ya msafara, na orodha yake chini ya jiwe isipeperuke. Venanti alikuwa kwenye foleni, amevaa koti la kanisani, amebeba furushi lake na la Providence pia. Providence alikuwa mbele yake.

“Bi Esteri!” Apoline alipaza sauti. “Muulize peke yake huyo! Peke yake!”

Injini zilimeza nusu ya maneno. Askari akaja, akamwekea kiganja begani. “Mama, nyuma ya kamba. Wote mnalia leo.”

“Niyitegeka Providence?” Bi Esteri alisoma. “Unarudi nyumbani kwa hiari yako?”

Providence hakusema kitu. Aliingiza mkono kifuani, akatoa simu ya kioo cha nyufa, akaifungua, akamkabidhi kwa mikono miwili. Hivyo hivyo walivyokubaliana na Masenge. Apoline aliona, na akajua kwamba mtoto hakuambiwa na mtu kwamba kilichokataa kufunguka Jumatatu sasa kimefutwa kabisa, au ameambiwa na hakuamini.

Bi Esteri aliipokea. Aliikinga jua kwa orodha, akainama, akaangalia kwa makini.

“Haifunguki, mdogo wangu,” alisema kwa upole. “Bando limeisha.”

Akamrudishia. Providence hakuipokea vizuri. Aliisukuma tena mbele, mezani, juu ya majina.

“Watoto wa siku hizi na simu,” Venanti alisema akicheka kidogo. “Hata kwenye safari ya kurudi kwao.”

Watu nyuma walianza kulalamikia jua. Bi Esteri alitabasamu kwa uchovu, akaiondoa simu juu ya orodha kwa ncha ya kalamu.

“Haya. Ni kwa hiari?”

“Kwa hiari,” alisema Venanti.

Bi Esteri akaweka alama ya vema, akaita jina linalofuata.