Kosa Lisilo na Ukoo

Swali la nne ndilo lililomfanya mwalimu ashike ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Robo tatu ya arobaini na nane ni ngapi?" aliuliza yule mama mtahini wa kwenye kioo cha kompyuta. Aliuliza kwa Kiingereza, taratibu, bila haraka yoyote.

Binti wa mwalimu alitazama dari. Akatazama vidole vyake. "Hamsini na tatu," akasema.

Mwalimu alikuwa amekaa nyuma yake, kitandani, mahali ambapo kamera ilimwona mzimamzima. Ndiyo yalikuwa masharti: mzazi awepo chumbani, aonekane, asiseme neno, na asikohoe kikohozi chenye maana. Kompyuta, ya kuazima kwa mhasibu wa shule, ilisimama juu ya meza ya kupigia pasi, imeinuliwa kwa vitabu vitatu vya hesabu ili mtoto asionekane kidevu kitupu. Fundi wa kuchomelea vyuma, ng'ambo ya barabara, alikuwa ameombwa tangu jana anyamaze hadi mchana, naye alikubali huku akicheka: "Kwa ajili yako, mwalimu, hata chuma kitapumzika." Kila kitu kilikuwa kimepangwa. Kilichobaki ni mtoto kujibu maswali ambayo siku nyingine angeyajibu huku anaosha vyombo.

Na sasa, hamsini na tatu.

Kazi yenyewe ilikuwa ng'ambo, katika nchi ambayo mwalimu aliijua kwa picha tu. Shule ya kimataifa, darasa la wanafunzi ishirini badala ya themanini na kitu, nyumba ya shule, na nafasi mbili za bure kwa watoto wake. Alikuwa ameisaka kazi ya namna hiyo kwa miaka. Maombi mengine hayakujibiwa kabisa, mengine yalijibiwa na mashine iliyomshukuru kwa jina lililokosewa. Safari hii alikuwa amepita usaili, akafundisha somo la majaribio kupitia kompyuta hiyohiyo, wakampenda. Kilibaki kifundo kimoja. Watoto nao lazima wapimwe, na mwalimu ambaye mtoto wake hawezi kulifuata darasa hapewi mkataba wa familia. Kwenda peke yake hakukuwa na maana. Baba wa watoto alikwenda kutafuta maisha, maisha yakamficha, na mwalimu hakuwa tayari kuwa mzazi wa pili kupotea.

"Dada yangu," wakala aliyemuunganisha alikuwa amemwonya kwenye simu, "usiulize maswali mengi, wala usiombe cha ziada. Nyuma yako kuna mtu amekaa na begi tayari."

Kitinda mimba, wa miaka saba, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitufe cha kumzimia, alikuwa ameshapimwa mapema asubuhi. Alimwimbia yule mama jedwali la saba bila hata kuombwa. Roho ya mwalimu ilitulia kabisa, maana mwenye akili hasa alikuwa huyu mkubwa, wa miaka kumi na mmoja. Nyumbani walimwita Mkoba, kwa kuwa bibi yake hakwenda popote bila yeye: dukani, kliniki, hata uani kuanua nguo.

"Sawa," alisema yule mama, akaandika kitu. "Hebu niambie, ipi ni kubwa zaidi: sifuri nukta tano, au sifuri nukta tatu tano?"

"Zinalingana," Mkoba akasema.

Hapo mwalimu alielewa, na damu ikamchemka.

Alikuwa amesahihisha hesabu za watoto maisha yake yote ya kazi, na alijua kwamba kosa la kweli lina ukoo. Mtoto asiyejua robo tatu ya arobaini na nane husema kumi na mbili, kwa sababu amegawanya kwa nne akachoka njiani. Mwingine husema sitini na nne, kwa sababu ameigeuza ile sehemu juu chini. Hamsini na tatu haikuzaliwa na mtu yeyote. Asiyejua nukta husema sifuri nukta tatu tano ni kubwa, kwa kuwa thelathini na tano inamtisha tano. Hakuna mtoto anayesema zinalingana. Ili ukose namna ile, swali baada ya swali, bila kuteleza hata mara moja ukaangukia kosa la kawaida, lazima ulijue jibu lilipo na ulizunguke.

Binti yake alikuwa anafeli kwa makusudi, tena kwa ustadi.

Alitamani amshike bega amtikise. Alitamani apige kelele. Lakini yule mama alikuwa akimtazama juu ya kichwa cha mtoto, kwa hiyo alijikaza, akatabasamu tabasamu lililomuuma mashavu. Swali la sita likapita, na la saba. Mwishowe yule mama akaweka kalamu chini.

"Nadhani ana woga," alisema kwa upole. "Tupumzike kidogo. Nitarudi baada ya dakika kumi nimuulize maswali mengine. Yakiwa hivihivi, mwalimu, nitalazimika kuandika nilichokiona."

Kioo kikawa cheusi. Mwalimu alimshika binti yake mkono, akampitisha sebuleni ambako bibi alikuwa amempakata Redio kwa nguvu ili asivume, akamwingiza jikoni na kusukuma mlango.

"Unanifanyia nini?"

"Sijui majibu, mama."

"Mkoba! Nidanganye kwa kitu kingine chochote, usinidanganye kwa hesabu."

Mtoto alikaza midomo. Tangu jana jioni mwalimu hakuwa ameweka kitu tumboni. Alijimiminia chai ya rangi kutoka kwenye chupa, akavuta kopo kutoka rafuni, akachota kijiko.

"Hiyo ni chumvi, mama," Mkoba alisema haraka. "Chumvi ina miwili."

"Miwili nini?"

Binti akainamisha uso. Mwalimu alilitazama kopo mkononi mwake. Lilikuwa limezungushiwa mipira miwili membamba, ile ya kufungia karatasi za mitihani. Mipira yake mwenyewe. Ilikuwa imepotea wiki kadhaa, akamshuku Redio, akamnyima katuni siku nzima huku mtoto akiapa kwa machozi. Kopo la sukari lilikuwa na mpira mmoja. La majani ya chai halikuwa na kitu. Juu zaidi, kwenye rafu ya dawa za presha za bibi, chupa ya asubuhi ilikuwa na mpira mmoja na chupa ya usiku ilikuwa na miwili.

Aliyaona hayo yote kila siku. Alidhani ni michezo ya watoto.

"Bibi haoni," alisema. Hakuuliza.

"Anaona mwanga. Anaona mtu akipita. Sura haoni tena." Sasa maneno yalimtoka mtoto kama yalikuwa yamebanwa mlangoni. "Alisema nisikwambie. Alisema ukijua hutakwenda, na ukikosa kazi hii utazeeka kwenye lile darasa. Unasema binamu yako atapita kumtazama kila Jumapili. Sasa Jumatatu je? Binamu hajui hata chupa ya usiku ni ipi! Mimi nikienda, nani atamwambia huyu anayebisha hodi ni nani?"

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kutuma yale maombi ya mwisho."

Mwalimu aliona aibu, aibu ya moto masikioni. Jioni zote zile alikaa kwenye meza ya sebuleni akiandika barua za kujieleza, jinsi anavyomjali kila mwanafunzi, jinsi asivyopitwa na mabadiliko madogo ya mtoto. Nyuma ya mgongo wake, mama yake mzazi alikuwa anaingia gizani ameshikwa mkono na mtoto.

Mlango ulisukumwa. Bibi alisimama pale, kiganja kimegusa fremu.

"Macho yamekwisha, lakini masikio ninayo," alisema. "Mnanong'ona mpaka majirani wanasikia. Mkoba, rudi ukajibu maswali ya watu."

"Sirudi."

"Mjukuu wangu, mimi si mzigo wa kupimwa uzito kwenye uwanja wa ndege. Nimeishi kabla yako, nitaishi baada ya ndege kuondoka. Nenda!"

"Siendi, bibi!"

"Huyu ukaidi kautoa wapi?" bibi aliuliza, akielekeza uso wake upande ambako hakukuwa na mtu.

Mwalimu aliuona uso ule ukitafuta, na kitu kikamkata moyoni. Alichuchumaa mbele ya binti yake. Alikuwa amepanga kutisha, kubembeleza, hata kuahidi simu mpya. Yote yalimkauka mdomoni.

"Nisikilize, mwanangu. Kwenda au kutokwenda ni kazi ya mtu mzima. Umeibeba peke yako kwa sababu mimi sikuwepo, na nilikuwa humuhumu ndani. Nisamehe. Sasa niachie. Wewe nenda ukajibu unachokijua, basi."

"Nikipita, tutamwacha bibi?"

"Sijui."

"Hujui kweli, au unasema tu?"

"Sijui kweli."

Mkoba alimpekua mama yake uso mzima, kama anayetafuta kosa kwenye daftari la mwenzake. Kisha alijifuta pua kwa mgongo wa mkono, akarudi chumbani.

Safari hii alijibu kabla maswali hayajamalizika. Eneo, wastani, sehemu juu ya sehemu, treni mbili zinazopishana. Alisoma aya ya Kiingereza bila kukwama, akamweleza yule mama kwamba msichana wa kwenye hadithi alikosea kumwamini mjomba wake mapema vile. Yule mama alisogea mbele mpaka pua ikajaa kioo. Akarudia lile swali la nne.

"Thelathini na sita," Mkoba alisema.

"Sasa mwanzoni ulikuwa na nini?"

"Nilikuwa na kazi nyingine."

Yule mama alicheka, kicheko cha kweli. Akamtaka mwalimu asogee. Mwalimu alikaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la mtoto.

"Hongera. Watoto wote wawili tunawachukua kwa furaha. Mkataba nitautuma leo, uusaini kabla ya jioni. Kuna swali lolote?"

Lilikuwa swali la adabu tu, la kufungia mazungumzo, na jibu lake lilijulikana dunia nzima: hakuna, asante sana. Sauti ya wakala ilimpitia sikioni. Aliwaza ubao wake wa sasa, uliopasuka katikati kiasi kwamba kila mlinganyo ulivunjika mahali palepale. Aliwaza watoto wake na darasa la watu ishirini.

"Lipo moja," alisema. "Hiyo nyumba ya shule ina vyumba vingapi?"

"Viwili, na sebule. Kwa nini?"

"Kwa sababu sisi ni wanne."

Tabasamu la yule mama halikuondoka, ila lilisimama. "Mkataba ni wa mwalimu na watoto wawili."

"Najua. Mama yangu tunaishi naye. Macho yake yamepungua sana, na hana mtu mwingine wa kukaa naye. Nauli yake ni juu yangu, chakula chake ni juu yangu. Ninachoomba ni barua ya shule ya kumwombea kibali."

"Mwalimu, unafahamu kwamba kuna mwombaji mwingine anayesubiri nafasi hii?"

"Nafahamu." Aliogopa, aliogopa mno, na bado maneno yalitoka mazima. "Bila yeye siji."

"Nipe dakika," yule mama alisema, akagusa kitu, na sauti ikakatika. Kwenye kioo aligeukia pembeni, midomo yake ikaanza kucheza kimya.

Redio alikuwa ameshachomoza kichwa mlangoni. "Ameganda?" aliuliza.

"Hajaganda. Nyamaza."

Nyuma ya Redio alikuja bibi, akipapasa ukuta waziwazi, bila kujifanya anaukagua vumbi. Mwalimu aliinuka akamshika kiwiko, akamkalisha kitandani. Mkono wa mama yake ulikuwa mwepesi kuliko alivyoukumbuka.

"Umeharibu," bibi alisema. "Kazi nzuri namna ile, umeiharibu kwa ajili ya kizee."

"Huenda," mwalimu alisema.

Kwa mwaka mzima bibi alikuwa amecheka picha ambazo hakuziona, akasifu nguo ambazo hakuzijua rangi, akageuza shingo kila watu walipogeuza. Sasa aliinua uso kuelekea kwenye mwanga wa kompyuta.

"Haya, nielezeni basi. Mimi sioni kitu. Kunaendelea nini?"

Mkoba alipanda kitandani akakaa ubavuni mwake.

"Amezima sauti, bibi. Anaongea na mtu, yuko pembeni, simwoni."

"Amekunja uso?"

"Hapana. Amevua miwani. Anaifuta kwa nguo."

"Kisha?"

"Anasikiliza. Sasa ametikisa kichwa."

"Cha kukubali au cha kukataa?"

Mwalimu alitazama kioo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuamini macho yake mwenyewe. Alimgeukia binti yake.

Mkoba aliinama mbele, mkono mmoja ukiwa umeushika mkono wa bibi. "Ngoja, bibi," alisema. "Ngoja kidogo. Anarudisha miwani usoni. Anageuka. Sasa ananyoosha kidole kuwasha sauti."