Wiki ya Sita: Nyumba

Mama Léonie alipanga kitabu kwa wiki sita. Mpango aliuandika nyuma ya fomu za zamani, kwa sababu mwaka ule wa 1992 shule za Lubumbashi hazikuwa tena na karatasi, wala chaki, wala haya. Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja, cha bata anayetafuta vitu vya kuanzia maisha. Wiki ya kwanza jembe, ya pili sufuria, ya tatu samaki, ya nne kiti, ya tano taa, ya sita nyumba.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kusema watoto ambao maneno yaliwakwama mdomoni. Alijifunza kwa masista wa shule ya viziwi, akaifanyia katika chumba cha nyuma cha shule moja ya msingi huko Kampemba, kwa kioo kilichopasuka na unyoya wa kuku wa kupuliza. Jumatatu watoto walitazama picha wakahadithiana. Katikati ya wiki walipiga makofi kwa kila kipande cha neno. Ijumaa mtoto mwenye zamu alisimama peke yake akalisema. Akilisema sawasawa, kitu kilitoka kitabuni.

Jembe lilitoka na udongo wake. Samaki alitoka akichuruzika maji, mnene kama wale wanaoletwa kutoka Kasenga, na mlinzi akampelekea mke wake. Kiti kilibebwa na mkuu wa shule, Stanislas, kwa mikono yake mwenyewe hadi ofisini. Alisema kinachotoka kwenye kitabu cha shule ni mali ya shule. Watoto waliotoa jasho kuvisema hawakupewa hata mkia wa samaki.

Ngalula, binti wa miaka minane, alipewa wiki ya sita kwa kuwa mdomo wake ndio uliokuwa mgumu kuliko yote. Ukurasa wa nyumba Mama Léonie aliubana kwa kibanio cha nguo, usifunguliwe kabla ya wakati. Mdomo ni kama bukari, huu ugali wetu, alisema, ukiuharakisha utakula unga.

Mwishoni mwa wiki ya nne, vijana walipita barabarani wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Babu yake Ngalula ndiye aliyetoka Kasai, alipoletwa kuchimba shaba. Baba yake alizaliwa Lubumbashi, na yeye vilevile. Jirani yao Casimir, aliyekuwa akiomba chumvi kwao kila Jumapili, aliwapa saa moja ya kutoka. Alikuwa amesimama mlangoni na godoro lake kichwani, tayari kuhamia. Macho makavu kabisa.

Mama yake Ngalula alifika shuleni na mtoto mchanga mgongoni. Alisema taratibu, "Mama Léonie, banatuambia twende kwetu. Kwetu ni wapi?"

Mama Léonie alikwenda kumwomba mkuu amwache mtoto amalize wiki mbili tu. Stanislas alikuwa amekaa kwenye kile kiti.

"Huyu mutoto haiko wa hapa," alisema, akalikata jina lake daftarini.

Basi Mama Léonie alichukua kitabu bila kuaga. Kila siku saa tisa mchana alikwenda nacho gare, kwenye kituo cha treni, ambako maelfu ya watu walilala kwenye saruji wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Mzazi mmoja alimshikia kioo. Ngalula alipuliza unyoya, akapiga makofi, na watu waliokuwa karibu wakasogeza mabegi kuwapa nafasi.

Mvua ilianza Jumatatu ya wiki ya tano. Mama yake Ngalula alimsihi Mama Léonie afungue ukurasa wa nyumba. Mtoto mchanga alikuwa anakohoa. Mama Léonie alijibu kwamba bado, kwamba wiki ya taa haijapita, kwamba neno likiharibika mara ya kwanza halitatoka tena. Masista walimfundisha hivyo na yeye aliamini. Mtoto mchanga alikufa Jumatano, akazikwa nyuma ya reli.

Alhamisi Mama Léonie alikitupa kibanio relini. Alikuwa na hasira na masista, na mpango, na nafsi yake, lakini zaidi na mji mzima uliokaa ndani ukisikiliza mvua kwenye mabati ya watu uliowafukuza. Ngalula alitazama picha, akafunga macho, akasema.

"Nyumba."

Ilitoka ikasimama kati ya jukwaa na reli, vyumba vitatu, bati jipya, mlango wa buluu, ufunguo ukiwa mlangoni. Neno lilikuwa tayari siku zote. Familia ya Ngalula iliingia pamoja na familia nyingine nne, wakavua nguo zilizolowa na kuwasha moto wa kupikia.

Siku ya nne mkubwa wa gare alikuja na askari wawili. Alizigonga kuta, akasifu kazi ya fundi, akaomba hati. Baba yake Ngalula alisema imetoka mdomoni mwa binti yake, na mkubwa alijibu kwamba anajua, watu wote waliona.

"Lakini inasimama mu gare," alisema. "Ni ya gare."

Mchana ule mabehewa yalifika, yale ya wazi ya kubebea madini. Watu walisukumwa ndani kwa vitako vya bunduki. Ngalula alifunga mlango, akaufunga ufunguo kwenye ncha ya kitambaa cha mama yake. Treni haijafika daraja la kwanza, kitasa kilikuwa kimeshabadilishwa.

Kitabuni picha ya nyumba ilikuwa imefutika, wala haikurudi. Stanislas alimwandikia Mama Léonie barua ya onyo kwa kuharibu mali ya shule.

Nyumba ingalipo, na mlango ungali wa buluu. Anaishi humo shemeji ya mkubwa wa gare na watoto wake. Ukimuuliza, anakukaribisha vizuri, anakupa maji, anakuambia kwamba yeye aliikuta haina mtu.