Rungu Mlangoni kwa Loyce

Jesca hakuwahi kuingia spa. Alikuwa akipikia madereva wa malori Shelui, na tangu amkimbie mumewe, Mughwai, aliishi kwa dada yake, mtaa wa Utemini. Dada huyo ndiye aliyemfikisha kwa Loyce, mwenye spa.

"Analala amekunja ngumi," alimwambia Loyce. "Nisaidie kumlegeza."

Loyce alimweleza Jesca kila kitu kabla ya kumgusa. "Nakusugua kwa chumvi, halafu nakupaka udongo wenye asali. Baadaye nakuzungushia nailoni, juu yake blanketi. Utatoka jasho sana. Pumzi ikibana, sema, nakata hapo hapo."

"Na mikono?"

"Hukaa ndani. Ukitaka, naiacha nje."

Jesca alifikiri. "Ifunge, dada. Nataka nijue kama bado naweza kulala bila kujikinga."

Joto lilimpanda taratibu. Mabega yakalegea, akapitiwa na usingizi.

Mlango ukapigwa teke. Mwanamume mwenye rungu aliingia, macho yakaenda moja kwa moja kitandani, na Loyce akajua ni nani. Akasimama mbele yake.

"Kaka, humu ni kwa wanawake."

Rungu lilimshukia mkono wa kulia. Mfupa ukavunjika, akaanguka ukutani.

"Leo umejifunga mwenyewe," Mughwai alimwambia mkewe. Akachukua mto, akamgandamiza nao usoni. Jesca alitupa miguu yote miwili, akaporomoka sakafuni na blanketi lake. Hakuwa na mkono wa kuzuia. Teke la kwanza lilimpata mbavuni, la pili mdomoni.

Kwenye jiko kulikuwa na sufuria ya maji ya moto ya kulowekea taulo. Loyce aliinyakua kwa mkono wa kushoto, akammwagia Mughwai mgongoni. Alipogeuka akipiga yowe, Loyce alikuwa ameshashika mkasi. Akauzamisha pajani mwake mpaka kwenye mpini.

Majirani walifika mbio, wakamburuta Mughwai nje. Mtu akaokota jiwe, na mwingine, na mwingine.

"Ueni huyo!"

Jiwe la kwanza lilimpasua nyusi. Ndani, Loyce alikata nailoni kwa wembe, kwa mkono mmoja, huku akilia. Jesca akatoka amejifunika blanketi, udongo umemjaa shingoni mpaka miguuni, damu ikimtiririka kidevuni.

"Acheni!"

Waliokuwa wameinua mawe wakageuka.

"Akifa hapa, kwao watasema mimi ndiye niliyemponza. Nataka asimame mahakamani, asikie nikisema yote aliyonifanyia."

Leonard, fundi cherehani wa jirani, alitupa jiwe lake chini. Akaleta kamba, wakamfunga Mughwai mpaka polisi walipofika.

Kesi ilipotajwa, ndugu wa Mughwai walikuja na mbuzi kuomba yaishe nyumbani. Jesca aliwaamkia wazee kwa heshima, "Shikamooni," kisha akawaambia warudi na mbuzi wao. Siku ya ushahidi alisimama kizimbani akasema, sauti ikikatika, akaanza tena, akasema yote. Hukumu ilipotolewa, Mughwai alifungwa.

Jioni hiyo Jesca alikwenda kwa Loyce. Mkono wa Loyce ulikuwa bado kwenye plasta, basi Jesca akamsongea ugali, akamchambulia kuku mnofu mmoja mmoja, wakala pamoja.