Dozi ya Kumi

Hospitali nzima ilimwita Mama Sindano. Akitokea na kijisanduku chake cha barafu, ghafla kila mtu ana dharura.

Chanjo ya mafua ilikuwa na wiki tano tangu ifike, na muuguzi huyu alikuwa amechoshwa na watu wazima wanaojificha chooni. Wafanyakazi ndio wanaopita kitanda hadi kitanda, wao ndio wangeanza. Daftari lake lilikuwa na safu ya mwisho ya sababu, kwa anayekataa au kuchelewa. Mfamasia, msomi mzima, alidai ya mwaka jana ilimpa mafua. Dobi alisema yeye hagusi wagonjwa.

"Unagusa mashuka yao."

"Mashuka hayakohoi, mama."

Lakini aliyemtoa roho ni daktari wa upasuaji. Kutwa anapasua matumbo ya watu, sindano ndogo inamtetemesha. "Kesho, dada yangu," anasema, na kweli kesho anasema hivyo hivyo. Kichupa kina dozi kumi, kikifunguliwa kisiishe siku hiyo, kinamwagwa. Kila siku alimwekea daktari ile ya kumi, na kila jioni aliimwaga huku akisonya. Akiulizwa yeye mwenyewe je, alijibu kwamba mwenyeji hali kabla ya wageni.

Jumatano binti yake akajifungua, mimba ya miezi saba, mtoto wa kilo moja na nusu. Mjukuu wa kwanza. Mama Sindano alipanda ngazi mbili mbili na magoti yake mabovu yale, akanawa mikono hadi viwiko, akafika kwenye chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe: isipokuwa wazazi, asiyetimiza wiki mbili tangu achanjwe haingii, hata awe nani.

"Kadi, mama," alisema muuguzi wa zamu.

"Kadi gani? Si mimi ninayeziandika?"

"Ndiyo. Yako iko wapi?"

Aliisoma tena karatasi yake.

"Nitachanjwa sasa hivi," alisema.

"Halafu wiki mbili. Sheria hii ilipoanza ulinitoa humu mbele ya wazazi, mama. Nililia, lakini nilienda."

Kwenye kioo cha mlango alimwona binti yake ameketi kando ya kitanda cha joto, mtoto amefichwa na mgongo wake. Binti akageuka, akamwona, akampungia mkono aingie. Akampungia tena, akishangaa mama anangoja nini.

Alishuka. Jioni ile dozi ya kumi haikumwagwa. Mwenzake wa chumba cha sindano alimchoma yeye. Kisha Mama Sindano akafungua daftari, akajiandika mstari wa mwisho. Alipofika kwenye safu ya sababu, kalamu ilisimama. Hakupata sababu yoyote iliyoishinda ya daktari, akaandika: Kesho.